Boksi la Kitanda cha Kumi na Nne

Haya nilisimuliwa mwaka jana na mke wa mpiga plasta wa hospitali, mfungaji wa mifupa iliyovunjika, tumekaa benchi la kliniki, yeye mguu kaunyoosha.

Saa 6:30 mchana. Chumba cha plasta, mlango umekomewa. Watu watatu: mpiga plasta, Kobe, kaka wa huyo mke, na dereva wa Kobe. Kobe ana bastola. Mpiga plasta ana mke wodini, kitanda cha 14, mfupa wa muundi wake una pengo la upana wa vidole viwili. Lisipojazwa wiki hii, mguu unakatwa. Cha kumjazia yeye hakijaletwa, ndivyo alivyoambiwa.

"Haya, shemeji. Stoo kuna nini?"

"Mfupa wa marehemu, kwenye friza. Ndio bora, ila joto linauharibu. Wa ng'ombe, uliochomwa. Chembe za kauri, kama chenga za mchele. Mfupa hai hujipenyeza humo taratibu. Na chokaa, hiyo huyeyuka kabla mfupa haujafika."

"Sikuja darasani. Kipi kinauzika?"

"Cha friza. Mlango ukizidi dakika mbili wazi, kengele inalia. Mimi niachie boksi moja la kauri."

"La dada yangu? Chukua mawili."

"Mawili ataota mguu wa tatu," dereva akasema.

6:52. Mtunza stoo kaenda kula. Mpiga plasta akafungua stoo kwa funguo. Kobe akafungua friza, akajaza begi, kisha akapitia rafu ya kauri. Boksi lilikuwa moja tu. Mpiga plasta akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake: Kitanda 14, kesho saa mbili asubuhi.

Kumbe ni la mke wake. Limeingia leo.

"Liache, Kobe. Ni la dada yako."

"Mteja kaliulizia," Kobe akasema, akilitia begini. "Dada ataletewa jingine."

"Mguu hausubiri."

"Funga friza, shemeji."

Mpiga plasta akaweka goti kwenye mlango wa friza, usifungike. Bastola ikamgusa sikio.

"Rudisha," akasema, sauti nyembamba kama uzi.

"Mrudishie bwana, tutakwisha," dereva akanong'ona. Dereva akatoka mbio peke yake.

6:55. Kengele. Kobe akamtwanga mpiga plasta kichwani kwa kitako cha bastola, akakimbia na begi. Walinzi wakamlaza kifudifudi getini.

Mpiga plasta alikesha rumande, kichwa kimeshonwa, akihofia jambo moja: polisi watalishika boksi liwe ushahidi.

Asubuhi, saa 2:10, nesi alikata utepe wa boksi mbele ya mke wa mpiga plasta.

"Daktari kalifuata kituoni mwenyewe. Kagombana nao mpaka wakaliachia."

"Na mume wangu?"

"Hesabu kwanza, dada."

Dawa ya usingizi ikaingia mshipani. Alifika nne, akalala.