Mafuta ya Fisi Shingoni mwa Gati

Jua la mnada wa Mugumu Jumatano ile lilikaanga hadi pembe za ng'ombe, lakini Gati, muuza maziwa mgando, alivaa sweta na kujiviringishia kitenge shingoni.

"Dada, unauza maziwa au barafu?" aliuliza Gasto, mwalimu wa Issenye, shati lake la njano limenyooka kwa pasi.

"Nunua kwanza, mwalimu."

Akanunua, wiki baada ya wiki, mpaka simu zikaanza. "Umeamkaje, ua langu?" Gati alicheka kwa sauti iliyokwaruza.

Alichomficha ni rovu, uvimbe wa shingoni, kubwa kama kiazi. Shangazi Bernadetha, aliyemlea, aliapa ni jicho la jirani. Akawa anampaka mafuta ya fisi na nyongo ya mbuzi. Alipanga kulichanja kwa wembe Jumamosi. Uvundo gani ule! Inzi wa zizini walihama. Gati mwenyewe alikula huku ameziba pua, na bado chakula kilimrudi kooni.

Alhamisi Gasto akatokea nyumbani kwa akina Gati bila taarifa. Kitenge kikateleza. Mwalimu akavuta pumzi moja, akakimbilia uani, akatapika mpaka chai ya juzi.

Simu kumi na nne za jioni ile Gati hakupokea. Ya kumi na tano akapokea akilia. "Umenitapikia, Gasto. Niache."

"Nimetapikia mafuta, mpenzi, si shingo! Hiyo ni tezi. Mboga mnatia chumvi gani?"

"Ile ya mawe, ya kulambisha ng'ombe. Shangazi anasema ya dukani haina ladha. Na Jumamosi atanichanja kwa wembe."

"Hiyo ya mawe haina madini joto. Tezi ikiyakosa huvimba. Usichanjwe! Kesho twende hospitali."

"Nikinuka je?"

"Nitaziba pua kwa mkono mmoja, kwa wa pili nitakushika wewe."

Hospitalini wakampima damu, wakampiga picha ya shingo. "Si kila rovu huletwa na chumvi," daktari akasema, "ila tezi yako imechoka. Ndiyo sababu ya baridi unayosikia, usingizi na sauti hiyo." Akampa kidonge cha kila asubuhi kabla ya kula, akamtaka arudi kupima damu baada ya wiki sita. Uvimbe ungepungua polepole, pengine usiishe wote.

Jumamosi shangazi alisubiri, wembe mkononi.

"Shikamoo, shangazi," Gasto akasema. "Hiyo shingo isiguswe. Wazee wangu wanakuja kuzungumza ng'ombe wa mahari."

"Marahaba. Wamkute na lidude hilo? Aibu!"

Gati akavua kitenge. "Waje tu, shangazi. Na hili nalo linaolewa."