Kicheko cha Swali la Saba

Diski zote mbili zilikuwa zimeng'olewa: moja kwenye kompyuta kuu, nyingine kwenye skrini ya majaribio pale mapokezi. Mlango haukuvunjwa. Semisi Ravulo, mwenye studio, alikuwa akipiga meza ngumi.

"Miaka miwili ya kazi, afande! Jumatatu programu inatakiwa kliniki zote za Fiji!"

"Punguza sauti," alisema Inspekta Asenaca Tuiwai. Mvua ya Suva ilikuwa imemlowesha mpaka soksi, na hakupenda kufokewa asubuhi. "Programu yenyewe inafanya nini?"

"Inafundisha kuhusu kisukari. Unaulizwa swali, unabonyeza jibu, video inakuja kulingana na ulichochagua. Ukikosea, unaona yatakayokupata."

"Nani ana funguo?"

"Mimi na Milika, fundi wangu wa sauti. Lakini Milika? Mpole yule! Tena kafiwa na baba yake mwezi uliopita."

Milika Nabou alikuwa ameketi mapokezi, nguo nyeusi tupu. Hakuinua uso.

"Kimebaki nini?" Inspekta akamuuliza Ravulo.

"Ripoti tu. Skrini hunitumia kwenye simu kila kitufe kilichobonyezwa." Ravulo akaguna kwa dharau. "Watu wajinga, we acha tu! Swali la saba: kidonda cha mguu hakiponi, uende kliniki au usubiri? Kila siku wanabonyeza 'subiri', mara kumi, mara ishirini!"

Inspekta akaichukua simu. Swali lile lile, jibu lile lile, kila siku ya kazi, saa moja na dakika kumi asubuhi.

"Mnafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na nani huwahi?"

Ravulo akamgeukia Milika.

Inspekta akamwendea Milika. "Mdogo wangu, ukibonyeza 'subiri' anatokea nani?"

"Baba."

Kisha maneno yakamtoka kwa hasira. "Alikatwa mguu. Mimi ndiye niliyemleta arekodiwe! Akaongea saa nzima, akawasihi watu wasichelewe kama yeye. Huyu bwana kwenye programu akayakata maneno yote, akabakiza uso, akaupiga alama nyekundu ya X na kicheko juu yake. Kicheko nilikitengeneza mimi! Aliniambia ni cha mchezo wa watoto!"

"Sasa kwa nini ulikuwa unabonyeza?"

"Nyumbani hatuna video yake hata moja, na rekodi nzima Semisi ameifungia kwenye kompyuta kuu. Nakosea makusudi nimwone sekunde nne, halafu anachekwa. Nilimwomba Semisi angoje angalau usiku mia wa matanga uishe. Akasema watu hukumbuka wanachokicheka."

Inspekta akamgeukia Ravulo. "Wewe si Mfiji? Usiku mia huujui?"

"Kazi ni kazi, afande."

"Huna haya hata chembe!"

Milika akatoa diski kwenye mkoba, zimefungwa kwa leso. "Nilitaka kuzitupa baharini, nikashindwa. Ile saa nzima ya baba imo humu."

"Kuiba ni kuiba, Milika. Twende kituoni."

Ravulo akanyoosha mkono upesi. "Nipe mimi, Jumatatu ndiyo hii!"

Inspekta akazitia kwenye mfuko wa vielelezo na kuufunga. "Hizi hazitoki mpaka kesi iishe. Na mahakamani nitaomba ichezwe ile saa nzima. Utakaa pale mbele, kimya, umsikilize mzee mpaka amalize."