Mashine Iliyofunguliwa Kwenye Matanga

Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Jean-Claude aliandika swali la jiografia, akageuka kunywa chai, na alipoyarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta maneno yalikuwa yakijifuta, herufi baada ya herufi, kutoka mwisho kuelekea mwanzo, kama magugu yanayong'olewa.

Baba yake, mzee Sebarenzi, alikuwa amezikwa wiki hiyo hiyo, hapo Ngungu, na matanga hayakuwa yameondolewa. Katika ukoo ule, mtu akifa, majembe yote hulazwa nyuma ya nyumba, na hata maharagwe yakisongwa na magugu hakuna anayelima mpaka wazee waseme. Jean-Claude aliliheshimu hilo. Jembe hakuligusa. Lakini shule moja ya sekondari ilikuwa inasubiri mitihani aliyoahidi kuichapa, na alijiambia kwamba kuchapa si kulima. Waombolezaji walikuwa uani kwenye moto. Yeye aliingia chumbani, akafungua mashine.

Tangu hapo haikutulia. Ilizimika katikati ya ukurasa. Ilifungua kurasa ambazo hakuziita. Vibonye vyake vilinuka udongo uliolowa, na mara nyingine, ndani kabisa, ulisikika mdundo mzito, kimya, kisha mdundo mwingine: jembe linaingia ardhini. Fundi mmoja wa Goma alimwambia kwa simu kwamba si yeye peke yake anayelalamika. Marekebisho yalikuwa njiani kupitia mtandao. Asubiri tu hiyo mise à jour, programu mpya ya kurekebisha mashine. Jean-Claude akasubiri kwa matusi. Aliipiga mashine kofi ubavuni, akamwambia mkewe Adelaïde kwamba kitu hiki kinamchukia. Adelaïde alimjibu kwamba hata yeye angemchukia, kwa makofi hayo.

Mise à jour ilipofika, aliunganisha simu yake na mashine, na mashine na betri ya sola, akakaa mbele yake. Kwenye kioo paliandikwa: *Usizime kompyuta yako.* Chini yake asilimia zilianza kupanda, polepole.

Mchana huo Adelaïde alikwenda migombani kukata jani la kufunikia chungu, akakuta shimo. Lilikuwa dogo, kama la kupandia mgomba, lakini kingo zake zilinyooka. Hapakuwa na rundo la udongo kando yake, wala alama ya mguu. Mumewe alisema ni fuko. Adelaïde akauliza ni fuko gani huyo anayenyoosha shimo kwa kamba.

Chumbani binti yao Cindy alikuwa ameamka akikohoa. Alitema kitu cheusi kwenye kiganja cha mama yake. Adelaïde alikisugua kwa kidole: udongo.

"Mama," mtoto alisema, "kuna mutu analima chini ya kitanda."

Asilimia zilipofika nusu, shimo lilifika magotini, na lilikuwa limerefuka. Adelaïde alivunja ukuni sawa na urefu wa shimo, akaenda kuulaza kando ya mtoto. Ulitoka utosini ukaishia kwenye visigino. Basi akatuma watu wamwite Nyiransengimana, dada ya marehemu, mama wa maombi ambaye alikuwa amewahi kufukuza pepo katika nyumba nyingi.

Shangazi alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kukaa. "Nani alifungua kazi mu matanga?"

"Shangazi, sikulima," Jean-Claude alisema.

"Ulilima na vidole. Na usifikiri njo baba yako anafanya ivi. Ndugu yangu alikuwa anapenda uyu mutoto. Iyi iko jini. Iliona mulango wa kilio uko wazi, ikaingia pamoja na kazi yako. Zima."

"Nikizima katikati, itakufa kabisa. Imebakia kidogo. Ikimaliza, makosa yote inaisha."

"Kinachomalizika si icho," Shangazi alisema kwa sauti ya chini.

Aliomba mpaka jasho likamtoka, na kila alipotaja jina la Yesu jembe lilijibu kutoka ndani ya mashine, kwa haraka zaidi. Jean-Claude aliikumbatia kifuani, hakuiachia. Ndipo Shangazi akamfunga Cindy mgongoni mwa mama yake, akawatoa nje kwenye mvua. Walipovuka kilima cha pili mtoto alitema udongo wa mwisho, akaomba kiazi.

Jean-Claude alibaki na asilimia tisini na tisa. Hazikupanda tena. Ukungu ulishuka hadi dirishani, nyumba ikanuka kama kaburi lililofunguliwa, na alipotoka kwenda kuliangalia lile shimo, akijiambia kwamba mtoto hayupo na kwa hiyo hakuna wa kuchukuliwa, aliona kingo zake zikisogea, zikibomoka bila mkono na kurefuka kuelekea miguu yake, mdundo kwa mdundo, mpaka zikapita urefu wa mtoto na kukaribia urefu wa mtu mzima. Akakimbia ndani, akabonyeza kibonye cha kuzima, akang'oa waya wa betri, akaipiga mashine sakafuni, na kioo kikaendelea kuwaka kikimwambia asizime.

Walirudi asubuhi, wanawake wawili, mtoto, na Darius mdogo wake Jean-Claude. Mlango ulikuwa wazi, na Jean-Claude hakuwamo. Kompyuta ilikuwa mezani, nzima, nyepesi, haina kosa hata moja. Migombani shimo lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa vizuri, na chini ya udongo kulikuwa na mtu anagonga.

Darius alikimbilia majembe. Alipoinua la kwanza, Cindy alianza kukohoa mgongoni mwa mama yake. Darius alilitupa, kikohozi kikakatika. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono, na udongo mweusi ukachuruzika kwenye kidevu cha mtoto.

Wote walimtazama Adelaïde. Chini, kugonga kuliongezeka, kwa sababu aliyeko huko alikuwa amesikia mikono ikifukua.

"Darius," Adelaïde alisema. "Acha."

Akamfuta mtoto kidevu, akamziba masikio, akasimama pale mpaka kugonga kulipokoma.