Fainali ni Ijumaa Gani?

Mwaka ule wa 2013, ukitoka kanisani pale Abu Hamour, Doha, ambako siku ya mapumziko na ya ibada ni Ijumaa, harufu ya chapati ingekuongoza yenyewe hadi mlango wa Japheth. Katika ile nyumba kubwa iliyokatwakatwa vyumba vya kupangisha, Ijumaa jiko lilikuwa lake. Mkewe Kwamboka, muuguzi wa zahanati moja mjini, aliketi kitandani, miguu juu ya mto, kwa kuwa wiki nzima alikuwa amesimama. Binti yao Chelsea, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno, alipewa kidonge chake cha unga, naye akakisukuma sakafuni kwa chupa ya maziwa.

"Baba Chelsea, ya mtoto ndiyo ya duara. Hizo zako ni ramani ya Afrika," Kwamboka alimtania.

"Kula Afrika basi, unyamaze."

Ndivyo walivyoishi. Nataka muione nyumba hiyo vizuri, ndugu zangu, kabla sijawaeleza jinsi ilivyobomolewa kwa makofi na vigelegele.

Japheth alikuwa msimamizi wa walinzi katika hoteli moja ya West Bay. Kwao Webuye, Kenya, alicheza raga tangu shuleni. Alipofika Doha alikuta mchezo mwingine unaofanana nayo kwa mbali: mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai, ambao wachezaji huvaa helmeti na mabega ya plastiki. Kulikuwa na ligi ndogo ya wikendi, ya Wamarekani wa maofisini na mashuleni. Msimu huo timu moja ilipungukiwa na watu, na kocha wake, mwalimu wa shule, akawaita vijana wa Kenya na Uganda. Kabla hatujakaa sawa, timu ya walinzi, madereva na wahudumu wa hoteli ilikuwa imefika nusu fainali.

Mnakumbuka tulivyojivuna? Mtu anayewafungulia wakubwa milango wiki nzima, Alhamisi jioni anamwangusha meneja chali nyasini, na meneja anampa mkono na kumwambia umecheza vizuri. Nani asingependa hilo? Siwalaumu waliopenda. Nalaumu kilichofuata.

Mcheza raga hufundishwa kumkaba mtu kwa bega na kukiweka kichwa pembeni, kwa sababu kichwa chake ki wazi na anakiogopea. Japheth alikuwa hodari wa hilo. Lakini siku alipovaa helmeti, hofu ile ikamtoka. Alijigonga kichwani kwa ngumi mbele ya wenzake, akacheka. "Hii kitu ni ukuta," alisema. Tangu hapo akawa anatanguliza kichwa. Kocha alimkaripia mara nyingi, akamwambia helmeti huzuia fuvu lisipasuke, lakini ubongo ndani unatikisika vilevile. Japheth aliitikia "sawa, Kocha," kisha akaingia uwanjani na kugonga. Na huku nje watu wetu walikwisha kumpa jina.

"Nyundo! Nyundo! Gonga, Nyundo!"

Basi niambieni, mtu aliyeitwa Nyundo angeachaje kugonga?

Katika nusu fainali aligonga, akaanguka, akakaa kitako kwa muda akitazama taa za uwanja. Akainuka. Timu ikashinda. Kesho yake, Ijumaa, akaingia jikoni kama kawaida.

Kwamboka alimega chapati, akaitema.

"Umeweka chumvi mara ngapi?"

"Nimeweka?" Japheth aliuliza.

Kwamboka alicheka kwanza. Kisha akamwona mumewe amesimama na mwiko mkononi, akiutazama moto kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Chapati iliyokuwa kaangoni iliungua mbele ya macho yake. Baadaye kidogo alitoka mbio kwenda kutapika. Aliporudi aliomba pazia lishushwe, mwanga ulikuwa unamchoma.

"Japheth, hicho si kichwa cha uchovu. Twende hospitali sasa hivi."

"Kwamboka, nikienda wataniandikia nipumzike. Karatasi itafika kampuni. Mlinzi mwenye kichwa kibovu nani anamtaka? Na fainali ni Ijumaa ijayo. Tafadhali, mama."

"Unaogopea kazi ama fainali?"

Japheth alijilaza, akamkumbatia mtoto, akafumba macho. Na Kwamboka, aliyekuwa akiwashauri wengine kila wiki bila kusita, siku hiyo alikaa kando ya kitanda na simu mkononi, asipige.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, ingawa halisemwi. Sisi watu wa huku tuna tabia ya kukwepa hospitali na kumtafuta muuguzi wetu. Baada ya ibada Kwamboka alikuwa hafiki kwenye gari bila kusimamishwa. "Sister, mgongo wangu." "Sister, angalia huyu mtoto." "Sister, hii dawa ni ya nini?" Kwake hakuna foleni, hakuna karatasi inayokwenda kwa mwajiri. Tumewageuza wauguzi wetu kuwa hospitali ya siri, na tukisha kuwageuza hivyo, tunataka pia watupe majibu tunayoyapenda.

Kocha alikuwa ameliona lile anguko. Aliweka sharti: Japheth hachezi mpaka daktari amwone. Vijana wakamsihi. Wakamwambia mkewe ni muuguzi, tena mzoefu. Kocha akasita, akalegea. "Basi huyo muuguzi aniambie kwamba mtu huyu ni mzima," alisema. Alidhani mke hawezi kumdanganya mtu juu ya kichwa cha mumewe.

Jumapili jioni Maurice akabisha hodi. Maurice alikuwa mlinzi mwenzake Japheth, rafiki yake wa tangu siku waliyoshuka ndege pamoja, na ndiye aliyekuwa akiongoza kelele za uwanjani. Alikuja na vijana wawili wa timu, na sinia ya machboos, ule wali wa nyama wa Waarabu wa huku, na mfuko wa nailoni.

"Shemeji, hatujaja mikono mitupu," alisema. "Usituchape."

"Mkija na wali najua mnataka kitu."

"Aah, shem! Sisi ni watu wa Mungu."

Walikula, wakataniana. Japheth alikaa pembeni na kofia imeshushwa hadi nyusi, akicheka wenzake wanapocheka, nusu sekunde nyuma yao. Kisha Maurice akafungua mfuko akatoa jezi ndogo, ya mtoto, ya rangi ya timu. Mgongoni ilikuwa imeandikwa BINTI NYUNDO. Chelsea akavishwa. Ilimfika hadi kwenye vidole vya miguu. Akajikwaa, akasimama, akainua mikono juu kama alivyofundishwa, na chumba kizima kikaangua kicheko. Kwamboka naye alicheka, akafuta machozi.

"Sasa shemeji," Maurice akasema kwa sauti ya chini, "Kocha anataka neno lako tu. Neno moja. Jamaa unamwona mwenyewe, yuko poa."

"Maurice, huyu mtu ametapika juzi."

"Hiyo ni shawarma ya pale kona! Hata mimi nilitapika."

Wakacheka tena. Kwamboka hakucheka.

"Leo hajatapika," alisema polepole. "Anaendelea vizuri. Lakini sijasema acheze. Apumzike kwanza, tuone."

"Umesikika, shem. Umesikika kabisa."

Walipotoka, mlango ulikuwa haujashika vizuri. Kwamboka alimsikia Maurice kwenye ngazi, simu sikioni, akizungumza na Kocha: "Yes, Kocha. Nimetoka kwake sasa hivi. Sister amesema yuko fiti kucheza."

Alisikia kila neno. Aliinuka, akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa. Angeweza kuita. Ngazi zenyewe zilikuwa fupi, Maurice angegeuka. Nyuma yake Japheth akasema, "Mama Chelsea, waache. Ni mechi moja tu. Baada ya hapo naenda hospitali, nakuapia." Na mtoto alikuwa anazunguka chumbani na jezi yake. Kwamboka akausukuma mlango ukajifunga.

Ndugu msomaji, utasema alikuwa mwanamke dhaifu. Kabla hujasema, hesabu waliokuwa wakimvuta upande ule: mume, marafiki, kanisa, jezi ya mwanawe, na Wakenya wote wa Doha waliokwisha kuazima magari ya kwenda fainali. Wa upande wa kumzuia alikuwa yeye peke yake. Alijua, na kujua kwake kukabaki peke yake chumbani.

Jumanne jioni timu ilifanya mazoezi ya mwisho kwenye uwanja wa kukodi huko Umm Salal, karibu na mashamba. Watu walikuja wengi kuliko siku zote, wengine bado na sare za kazini. Kocha alitangaza kwamba hakuna kugongana, watu wakimbie na kupasiana tu. Japheth alikimbia vizuri. Alicheka, alipiga picha na watu.

Kisha mtu akaanza, na Maurice akaipokea, na wote wakajiunga.

"Nyundo! Nyundo! Gonga, Nyundo!"

Kocha alikuwa upande wa pili akipanga vifaa. Kijana mmoja wa timu alishika mto mnene wa mazoezi mbele ya kifua, akamwita kwa vidole: njoo. Japheth akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa, akaja.

Haukuwa mgongano mkubwa. Wote waliokuwapo husema hivyo, kana kwamba inawasaidia. Aligonga mto, akasimama, akainua mkono, watu wakashangilia. Akaanza kutembea, lakini alikuwa anakwenda upande wa mashamba, si upande wa wenzake. Watu wakacheka. "Nyundo, nyumbani ni huku!" Akageuka. "Basi la kazini limeshapita?" aliuliza. Wakacheka tena. Alikuwa bado anatabasamu magoti yalipomwishia.

Hapo ndipo kelele zilipokatika.

Hospitali walimfungua fuvu, wakaondoa damu iliyokuwa inaukandamiza ubongo. Kocha alifika akamkuta Kwamboka kwenye viti vya ukumbini, Chelsea amelala mapajani, bado na ile jezi.

"Waliniambia ulisema ni mzima," Kocha alisema.

Kwamboka angeweza kusema kweli nusu, kwamba hakutamka neno hilo. Hakusema.

"Nilisikia wakikuambia," alijibu. "Nikanyamaza."

Japheth hakufa. Tulimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, kwa sababu hatukutaka kusikia mengine.

Fainali ikachezwa Ijumaa hiyohiyo, na timu ikashinda. Siku Japheth alipoanza kuzungumza tena, Maurice alileta kombe wodini, amelificha ndani ya koti. Akaliweka juu ya shuka, mbele ya mikono ya rafiki yake.

"Ni letu, ndugu yangu. Tumelichukua. Tumelichukua kwa ajili yako."

Japheth alilishika, akaligeuzageuza, akalitazama kwa heshima.

"Zuri sana," alisema. "Na fainali ni Ijumaa gani?"

Maurice alicheka, akidhani ni mzaha. Akamweleza upya. Japheth akasikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akafurahi. Muda mfupi baadaye akauliza tena, kwa sauti ileile, kwa hamu ileile. Maurice alitoka nje akaegemea ukuta, na hakuna aliyemsikia akiongoza kelele tena mahali popote.

Kampuni haikuwa na nafasi ya mlinzi asiyekumbuka amemfungulia nani lango. Japheth alirudishwa kwao Webuye, kwa mama yake. Kwamboka alibaki Doha na mtoto, kwa kuwa sasa mshahara ulikuwa mmoja na dawa ni za kila siku. Ijumaa huwa hakuna harufu ya chapati kwenye korido ile. Baada ya ibada Kwamboka anapiga simu nyumbani, Chelsea, ambaye sasa anazungumza vizuri, akiwa magotini mwake.

"Baba, leo nimeimba kanisani."

"Vizuri, mama. Mwambie mama yako anifulie jezi. Fainali ni Ijumaa gani?"

Mwanzoni Kwamboka alikuwa anamweleza yote, toka mwanzo hadi mwisho, na kila mara ilikuwa kama anampasulia habari mpya. Siku hizi anamjibu kwa ufupi.

"Ijumaa ijayo, Baba Chelsea. Pumzika."

Na Japheth anaridhika, anaanza kujiandaa. Ile jezi ndogo imeshamwenea Chelsea barabara, karibu itambana.

FUNZO

Penda mchezo, lakini usimshangilie mtu mpaka aone haya kusema anaumwa. Kofia ya chuma au ya plastiki haimpi mtu kichwa kingine. Aliyegongwa akachanganyikiwa, akatapika au akasahau, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, fainali ipo au haipo, kazi ipo au haipo.

Tuache kuwageuza wauguzi wetu mahali pa kujificha. Nawe uliyesoma, unayejua hatari, ukisikia neno lako linapotoshwa kwenye ngazi, fungua mlango uite. Watakununia wiki moja. Kwamboka angeichukua wiki hiyo leo kwa mikono miwili.

Nami nawaachia haya, myaseme viwanjani badala ya yale mengine:

Kichwa hakina kipuri, dukani hakipatiki,
Ukiumia ukiri, la siri halitibiki,
Fainali si johari, ubongo haushoniki,
Akwambiaye "subiri", usimwone mnafiki.