Kitasa Kipya cha Mjomba

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Nguo zilikuwa kambani, ngazi zimepigwa deki, nami nimekaa nje ya chumba changu nikichambua funguo. Nilikuwa msimamizi wa jengo la mjomba: ghorofa tatu, lango moja la chuma, na chumba changu hatua tano tu kutoka langoni. Mshona nguo wa ghorofa ya tatu, tuliyezoea kumwita Dada Fundi, akateremka.

"Kaka, kitasa cha lango kimekufa. Ukisukuma tu, umeingia. Jana nimemkuta mwanamume amesimama kwenye ngazi, wala simjui."

"Atakuibia nini? Cherehani yenyewe imekuzidi umri!"

Akacheka kwa adabu. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile, uso unaniwaka kwa aibu.

Nilimfikishia mjomba habari. "Wapangaji hawakosi neno," akasema, akaendelea na chai yake. Wiki iliyofuata dada alirudi, safari hii bila kucheka. Nikamwambia asubiri.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, saa tisa mchana, mtu yule alisukuma lango, akaingia, akamnyonga dada kwenye ngazi.

Jua halijazama, mjomba alifika na fundi wa vyuma na kitasa kipya. Kilipokwisha kufungwa, mjomba akakisugua kwa mchanga na oili chafu ili kionekane cha zamani. Mimi ndiye niliyewashikia skrubu.

"Ukiulizwa, kilikuwepo siku zote," akaninong'oneza. "Kumbuka nani kakulea."

"Ndiyo, mjomba."

Mama wa marehemu akamshtaki mjomba kwa kuacha jengo wazi. Shahidi wa mjomba nikawa mimi. Nikidanganya, mama yule angerudi kwake akiitwa mzushi, na mwanawe angeonekana kafa kwa uzembe wake mwenyewe wa kuacha lango wazi. Nilijua hayo yote, na bado niliyakariri maneno ya mjomba kila asubuhi.

Zikabaki siku chache kesi isikilizwe. Saa tisa mchana, jua kali, nikasikia hodi mlangoni kwangu. Ngo, ngo, ngo. Nikafungua. Hakuna mtu. Lango limefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ninao mfukoni.

Kesho yake, saa ile ile, tena. Nikadhani wapangaji wananitania.

Siku ya tatu nililala kifudifudi sakafuni, jicho kwenye upenyo wa chini ya mlango. Ngo, ngo, ngo. Hapakuwa na miguu. Kisha nyayo nyepesi zikapanda ngazi, mbio. Nyuma yake zikafuata nyingine, nzito, taratibu. Nilizijua. Nilikwisha kuzisikia.

Nawaambia ninyi jambo ambalo sijamwambia mtu. Alhamisi ile nilikuwa chumbani. Dada alinigongea mlango. Nilijua ni yeye, nikadhani ni yale yale ya kitasa, nikajilaza kimya kama sipo. Akapiga hodi mara tatu, kisha akakimbia juu.

Nikiwa pale sakafuni, pumzi ikapita kwenye tundu la ufunguo.

"Kaka, upo?"

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Najua upo."

Mahakamani nikaapishwa. Nikasema kitasa kilifungwa baada ya kifo, nikasema dada alilalamika mara mbili, nikasema nani alikisugua kwa mchanga. Mjomba aliniangalia kama takataka. Mama yule alishinda kesi. Nje akanishika mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Alikuwa akikuita kaka."

Hapo ndipo ningemwambia habari ya ile hodi. Badala yake nikazipokea shukrani zake, nikaondoka nazo kama mwizi.

Nimehamia chumba kingine, mbali, nisikojulikana na mtu. Jana mchana, narudi kutoka kazini, nikakuta alama kwenye mlango wangu, usawa wa bega la mwanamke. Vifundo vya vidole, mara tatu, kwa chaki ya buluu, ile ambayo washona nguo huchorea vitambaa. Nikafuta kwa kitambaa kibichi mpaka rangi ya mlango ikaanza kubanduka. Chaki haikutoka.

Nikaingia haraka, nikausukuma mlango niufunge.

Kwa ndani zilikuwepo alama nyingine.