Nyuzi Zilizopishana

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, hata lango la jirani halikuonekana.

Mama Pacha aliweka chai mlangoni pa chumba cha nyuma, akarudi hatua tatu. Mlango ukafunguka kidogo. Mkono ukatoka, ukachukua kikombe. Mlango ukafungwa.

Ulikuwa mkono wa mumewe, fundi anayepiga picha za mabomba kwa mionzi. Kwa siku kumi na mbili mkewe hakuuona uso wake.

Kazini, kifuniko cha chombo cha mionzi kiligoma kujifunga. Beji ya kupimia mionzi fundi alikuwa ameisahau nyumbani. Basi wakampima damu. Maabara ikasema amepigwa na mionzi mingi mno. Hakuwa na kidonda wala homa, na hilo ndilo lililotisha. Akajifungia asije akawaambukiza watoto.

Pacha waligonga ukuta mara tatu. Ukuta ukajibu mara tatu.

"Baba yupo," mmoja akanong'ona.

"Au ni ukuta tu," mwenzake akasema.

Kisha koti jeupe likatokea ukunguni, kama linatembea lenyewe. Alikuwa jirani yao, mpimaji wa maabara, pamoja na mkuu wake.

"Hodi, dada. Mwite shemeji," jirani akasema.

"Hatoki."

"Basi asikie hukohuko. Shemeji, mionzi iliyokupiga haikubaki mwilini. Huwezi kumwambukiza mtu."

"Na siku zangu za kuishi zimebaki ngapi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ndani ya chembe za damu mna nyuzi. Mionzi huzikata, zikaungana vibaya. Sisi huzihesabu kwa darubini. Kila mwaka maabara kadhaa hupewa damu ileile, ina namba tu, haina jina. Halafu majibu hulinganishwa. Safari hii wenzetu wote walipata nyuzi chache zilizoungana. Sisi tukapata nyingi."

"Nani alihesabu?"

"Mimi. Nyuzi zilizopishana tu, niliandika zimeungana. Na zako nilizihesabu mimi. Wenzetu wamenifundisha upya, na wawili wamerudia kuhesabu damu yako bila kujua ni ya nani. Mionzi uliyopata ni kidogo."

"Ulinizika mapema, jirani."

"Nilikuzika, shemeji. Nisamehe."

Mlango ukafunguka wote. Pacha hawakumkimbilia. Walimtazama miguu kwanza, wahakikishe si mzimu. Kisha mmoja akamgonga gotini mara tatu. Baba akainama, akamgonga kichwani taratibu, mara tatu.

Mama Pacha akamshukuru Mungu, machozi yakimtoka.

Mpimaji akavua koti, akalikunja mkononi.

"Naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mkuu wangu na mbele yenu," alisema. "Damu ya mtu sitaitolea jibu mpaka mwingine ahesabu pia, bila kujua mimi nimepata ngapi."