Mwema Kupita Kiasi

Stendi ya Shinyanga ilikuwa imefurika siku Nyamizi alipogongana na Valerian, vitenge vyake vya biashara vikatawanyika vumbini. Kijana huyo, shati jeupe, viatu vinang'aa, aliviokota vyote kabla hajaombwa.

"Samahani, malkia wangu."

"Malkia wa nani? Hata jina hulijui!"

Wakacheka, wakapeana namba.

Valerian alikuwa mwigizaji. Kule Segese walikuwa wakitengeneza upya filamu moja ya zamani ya vichekesho, naye ndiye nyota. Kila jioni alipiga simu.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula, mpenzi."

Hakuwa amekula. Kupika chakula cha mtu mmoja kulimchosha.

Filamu ilipotoka, Nyamizi alivaa gauni lake la buluu akaenda peke yake kuitazama kwenye banda la video. Katika ile ya zamani shujaa alikuwa mwongo na mlafi, mama mkwe akimfukuza kwa mwiko, watu wakicheka mpaka machozi. Huyu wa Valerian hakukasirika hata alipomwagiwa uji wa moto.

"Mtu huyu hayupo duniani!" mzee mmoja akapaza sauti. Hapo ndipo banda likacheka.

Kisha Valerian akamwinamia mchumba wake wa filamuni. "Umekula, malkia?"

Nyamizi akatoka nje. Simu ikaita.

"Umeionaje, mpenzi?"

"Kumbe maneno unayoniambia ni ya filamu."

"Waliniambia niigize mtu mwema. Nikaiga ninavyoongea na wewe."

"Na mimi je, huniigizii? Tangu tujuane hujanikasirikia, hujasema umechoka. Simjui ninayempenda, Vale."

"Ukinijua utaniacha," akasema, akakata.

Wiki zikapita. Jioni Nyamizi alikaa kitandani akisikiliza redio ya majirani kupitia ukutani. Hakupiga. Naye hakupigiwa.

Siku ya gulio Valerian akatokea kwenye meza ya vitenge ya Nyamizi, ndevu hazijanyolewa, shati limekunjamana.

"Nina hasira na wewe!" alisema mbele ya wateja. "Watu wamenicheka mji mzima, hukunipa hata pole. Nimekaa Segese kama mtu asiye na ndugu!"

Sauti ilimkatika. Nyamizi akamsogezea kigoda.

"Endelea."

"Sijamaliza!"

"Najua. Ukimaliza, na mimi nina yangu."

Wakagombana mpaka wauzaji wengine wakafunga meza zao. Ndipo Nyamizi akampigia mama yake.

"Shikamoo, mama. Jumapili nakuja na mgeni." Akamtazama Valerian, macho mekundu, midomo imevimba kwa hasira. "Hapana, mama, si mpole. Ila ni wa kweli."